Kidonge kisicho na jina kisiuzwe tena Wagenia

WAGENIA, KISANGANI – Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, wauza dawa wa rejareja hupanga meza zao kando ya njia zinazoelekea mtoni. Wengine hawana hata meza. Wana beseni tu, au sanduku dogo wanalotembeza begani. Ndani yake kuna vidonge vyeupe, vya njano, vya waridi na vya rangi mbili. Vingine vimebaki kwenye plaketi iliyokatwa kwa makasi mpaka jina limepotea. Vingine vimemwagwa kutoka kopo kubwa na kufungwa viwili viwili katika kipande cha plastiki. Mnunuzi hataji jina la dawa. Hutaja mahali panapouma.

"Mama, unipatie ya mgongo."

"Ya kawaida ao ya nguvu?"

"Ya nguvu."

Mazungumzo yanaishia hapo. Hakuna aliyeuliza kama mnunuzi amekula, kama ana vidonda vya tumbo, kama ana mimba, au kama amekwisha kumeza kitu kingine tangu usiku. Hakuna aliyetaja jina la kile kilichouzwa. Mnunuzi anaondoka na kitu asichokijua, alichouziwa na mtu ambaye mara nyingi naye hakijui, na wote wawili wanakiita dawa.

Jambo hilo lazima likome, na linaweza kukoma bila kungoja wafadhili wala hospitali mpya. Linahitaji sharti moja: kidonge cha maumivu kisitoke mkononi mwa muuzaji bila jina lake, kipimo chake na nyakati zake za kumezwa, kwa Kiswahili au kwa Lingala. Kisicho na jina kisiuzwe. Na kikiuzwa, kisinunuliwe.

Mvuvi hakubali kamba asiyoijua

Watu wa Wagenia hawahitaji kufundishwa uangalifu. Ulimwengu mzima unajua namna wanavyovua: magogo makubwa yamesimamishwa kwenye nyufa za mawe katikati ya maji yenye hasira, na juu yake yamefungwa kamba za msitu zinazoshika mitego mikubwa ya kusuka, yenye umbo la pia. Kijana anayeshuka kwenye maji yale ameweka uhai wake juu ya gogo na kamba. Hakuna mzee atakayemruhusu mwanawe ajinyonge kwenye kamba ambayo hakuna anayejua ilikatwa lini, wapi, na kwa mkono wa nani.

Lakini kijana huyohuyo, akitoka majini na kiuno kinachouma, anameza vidonge viwili ambavyo hakuna anayejua vilitengenezwa lini, wapi, na kwa mkono wa nani. Mto ameuogopa kwa sababu unapiga kelele. Kidonge kimenyamaza, basi anakiamini.

Wapo wanaosema lawama ni ya watu wenyewe, kwamba hawapendi kwenda kwa muganga. Hiyo ni kauli ya mtu asiyebeba mzigo. Kazi za Kisangani zinaumiza kweli. Mwendesha toleka hupanda baisikeli tangu asubuhi, abiria nyuma, na gunia la makala likifuata. Mama anayevuka kutoka Lubunga na mikungu ya ndizi hushuka kwenye mtumbwi akiwa ameinama, na huinama tena sokoni mpaka jioni. Mtu wa namna hiyo akitafuta dawa ya maumivu, ana haki. Kumwambia avumilie ni ukatili, na kumwuzia kitu kisicho na jina ni ukatili pia.

"Nguvu" ni neno linalodanganya

Neno baya kuliko yote kwenye biashara hii ni "nguvu". Parasetamoli imepewa sifa mbaya mtaani: eti ni ya watoto, eti haifanyi kitu, eti mwanamume wa kazi hawezi kuiridhika. Ukweli ni kinyume. Kwa watu wengi, parasetamoli ndiyo ya kuanza nayo, kwa kichwa, jino, homa na misuli iliyochoka. Haichubui tumbo, mama mwenye mimba anaweza kuimeza anapoihitaji kweli, kwa kipimo kidogo na kwa siku chache, na bei yake ni ya chini kuliko nyingi.

Sababu inayofanya watu waseme haina nguvu ni kwamba wanaimeza vibaya. Mmoja anameza kidonge kimoja mara moja, anangoja dakika 10, anakata tamaa. Mwingine anameza 3 kwa mkupuo. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kutosha humeza kidonge 1 au 2 vya miligramu 500, anangoja saa 6, ndipo anarudia ikiwa maumivu bado yapo. Kwa mchana na usiku wote asipite vidonge 8. Mwembamba sana, mwenye ugonjwa wa ini, na anayekunywa pombe kila siku, wapunguze chini ya hapo, na wamwulize muuguzi kwanza.

Mpaka huo wa vidonge 8 una sababu yake. Parasetamoli ikizidi, inaharibu ini, tena inaliharibu kimyakimya. Siku ya kwanza mtu anaweza kuhisi kichefuchefu tu, au asihisi kitu. Madhara yanajitokeza baada ya siku moja au mbili, macho yakianza kuwa ya njano, wakati nafasi nzuri ya kutibu imepita. Ipo dawa ya kuzuia sumu hiyo, asetilisisteini, lakini inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Ndiyo maana aliyezidisha anapaswa kukimbizwa hospitali hata kama anacheka. Na mwenye kuchanganya parasetamoli nyingi na lotoko ya kila jioni analitwika ini lake mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo jina linapoonyesha faida yake. Doliprane, Efferalgan, Dafalgan na Panadol zote ni parasetamoli. Vidonge vingi vya mafua vina parasetamoli ndani. Anayejua jina ataona kwamba anarudia kitu kilekile. Asiyejua atameza "ya kichwa" asubuhi, "ya mafua" mchana, "ya mwili mzima" jioni, na kudhani ametumia dawa tatu, kumbe ni moja iliyomezwa mara tatu zaidi.

Zile ndugu zinazopigana tumboni

Kidonge kinachoitwa "cha nguvu" mara nyingi kinatoka katika ukoo mwingine: ibuprofeni, diklofenaki, indometasini, aspirini. Ukoo huu hupunguza uvimbe, na kwa mguu ulioteguka au jino lililovimba unaweza kusaidia kuliko parasetamoli. Hakuna anayeukataa. Lakini una masharti, na masharti hayo hayaonekani kwenye kipande cha plastiki kilichofungwa fundo.

Sharti la kwanza ni chakula. Ibuprofeni inamezwa baada ya kula, hata kama ni kipande cha kwanga au kijiko cha lituma, kwa sababu ukoo huu huondoa kinga ya tumbo na unaweza kuleta kidonda kinachovuja damu. Mtu anayeona choo cheusi kama lami baada ya kumeza dawa hizi asisubiri kesho. La pili ni kipimo: kwa anayejinunulia mwenyewe bila karatasi ya muganga, ibuprofeni isizidi miligramu 1,200 kwa siku, yaani vidonge 3 vya 400, na kwa siku chache tu. Diklofenaki na indometasini si za kujinunulia. Hizo zinahitaji muganga.

La tatu ni kutochanganya ndugu wawili. Ibuprofeni na diklofenaki pamoja hazileti nafuu maradufu, zinaleta hatari maradufu. La nne ni kujua nani asiziguse: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo, mwenye presha ya juu, mwenye pumu inayochochewa na aspirini, na mama mwenye mimba, hasa kuanzia wiki ya 20, maana zinaweza kuharibu figo za mtoto tumboni na, kuelekea mwisho wa mimba, kufunga mapema mshipa wa damu karibu na moyo wake.

La tano linawahusu watu wa mtoni na wa barabarani moja kwa moja. Figo zinahitaji maji. Mtu aliyetoka jasho siku nzima juani, au aliyeharisha na kutapika, akimeza dawa za ukoo huu anazikaba figo zake. Kipindupindu kinapoingia mjini, kidonge "cha nguvu" kwa maumivu ya tumbo kinaweza kuongeza ubaya juu ya ubaya. Anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari na kituo cha afya.

Kuna pia tramadoli, ambayo baadhi ya vijana huimeza ili wafanye kazi bila kuchoka. Hiyo ni ya jamii ya dawa zinazotoka katika ukoo wa afyuni. Inaleta mazoea magumu kuacha, inaweza kuleta kifafa, na pamoja na pombe inaweza kusimamisha pumzi. Haina nafasi kwenye beseni la mtu yeyote.

Sasa swali linaulizwa kwa wauzaji wote wa njiani: mnunuzi atafuataje masharti haya yote ikiwa hajui ameuziwa nini? Hawezi. Hata mwerevu kuliko wote hawezi. Hata profesa wa Chuo Kikuu cha Kisangani akipewa kidonge cheupe kisicho na jina, hajui kama ni parasetamoli au diklofenaki.

Homa ya mtoto si maumivu tu

Kwa watoto, jambo hili linazidi ukali. Mtoto anapata joto usiku, mama anakimbilia kwa jirani anayeuza, anapewa nusu ya hiki na robo ya kile. Asubuhi joto limeshuka. Nyumba nzima inashukuru. Lakini Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, baada ya Nijeria, na parasetamoli haiui kijidudu cha malaria hata kimoja. Inashusha joto tu. Malaria kali inaweza kumwua mtoto kwa siku moja au mbili, na siku hizo ndizo zinazopotea wakati mama anaamini kwamba mtoto amepona.

Hakuna anayesema mtoto asipewe parasetamoli. Apewe, kwa kipimo cha uzito wake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa siku, na kuwe na nafasi ya saa 6 katikati. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150. Kidonge cha 500 kikikatwa mara nne, robo moja ni 125. Hesabu hiyo mama yeyote wa sokoni anaiweza. Anapiga hesabu ngumu kuliko hiyo kila siku. Lakini anahitaji kujua kwamba kilicho mkononi ni parasetamoli na kwamba ni ya 500. Bila jina na namba, robo hiyo ni robo ya nini?

Na baada ya kumpa, aende kupima. Kipimo cha haraka cha malaria, ile TDR, hutoa jibu baada ya dakika chache. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshtuka kwa degedege, au anayelala bila kuamshika, hahitaji kidonge cha jirani. Anahitaji kituo cha afya usiku huohuo. Vivyo hivyo mtoto mchanga wa chini ya miezi 3 mwenye homa. Na aspirini isitolewe kwa mtoto wa chini ya miaka 16 bila amri ya muganga, kwa kuwa baada ya mafua au tetekuwanga inaweza kuleta ugonjwa wa Reye, unaopiga ubongo na ini.

Yaliyotokea Ituri

Anayedhani haya ni maneno ya kutisha watu, akumbuke yaliyotokea karibu na hapa. Kuanzia mwisho wa 2014 mpaka katikati ya 2015, huko Ituri, ambayo wakati ule ilikuwa bado ndani ya Jimbo la Mashariki lenye makao makuu hapa Kisangani, watu walianza kuletwa vituoni shingo zimekaza, nyuso zimejikunja, ndimi hazitii. Waganga walifikiri kwanza ni meninjitisi. Haikuwa hivyo. Wagonjwa walikuwa wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepamu, na maabara ilipovichunguza ikakuta haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Waliopata madhara walipita elfu moja, wengi wao watoto. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kwa mataifa yote.

Kuna watakaosema: si mmeona, hata penye jina kuna uongo, basi jina lina faida gani? Faida yake ni kwamba uongo ulikamatwa. Kulikuwa na chupa, kwenye chupa kulikuwa na maandishi, na kwa sababu hiyo iliwezekana kusema ni chupa ipi iondolewe. Sumu ile ingekuwa imefungwa viwili viwili katika plastiki na kusambazwa kwenye mabeseni, nani angeitafuta, na angeanzia wapi? Jina halizuii kila uovu. Ila bila jina hakuna uovu unaoweza kufuatiliwa.

Shirika hilohilo lilisema mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, karibu dawa 1 kati ya 10 ni bandia au haina ubora. Hapa Kisangani kuna adui mwingine juu ya huyo: joto na unyevunyevu. Dawa nyingi zinataka kukaa chini ya nyuzi 30, mahali pakavu. Beseni lililowekwa juani tangu asubuhi, likafunikwa turubai mvua inapokuja, haliwezi kutimiza hilo. Aspirini iliyoharibika hutoa harufu ya siki. Anayeisikia ajue kinachouzwa si aspirini tena. Nyingine hazitoi harufu yoyote.

Majibu kwa wenye kupinga

Wauzaji wana hoja zao, na si zote za kupuuzwa. Wanasema famasi nzuri ziko mbali na zinafunga mapema, na kwamba mtu mwenye faranga chache hawezi kununua plaketi nzima. Ni kweli. Wanasema wao ndio wanaofungua mlango saa 8 za usiku mtoto wa jirani anapolia. Hilo nalo ni kweli, na watu wa mtaa hawalisahau.

Lakini hakuna hoja hata moja kati ya hizo inayohitaji kidonge kifichwe jina. Vidonge viwili vinaweza kuuzwa kwa bei ileile vikiwa bado kwenye kipande cha plaketi chenye maandishi. Makasi yanaweza kukata upande mwingine. Vya kopo vinaweza kutiwa kwenye bahasha ndogo ya karatasi yenye maneno matatu yaliyoandikwa kwa kalamu: parasetamoli, 500, kila baada ya saa 6. Asiyejua kusoma achorewe jua linalochomoza, jua la utosini, jua linalozama na mwezi, na chini ya kila kimoja idadi ya vidonge. Karatasi na kalamu hazijawahi kumfilisi mfanyabiashara. Anayekataa kuandika jina anakataa kwa sababu mbili tu: hajui anachouza, au anajua na hataki kijulikane. Kwa sababu yoyote kati ya hizo, asiuze.

Wenye famasi nao wasijisifu mapema. Famasi nyingi zenye rangi nzuri mlangoni zinauza bila kusema neno, na notisi iliyo ndani ya boksi imeandikwa Kifaransa kigumu au Kiingereza, kwa herufi za ukubwa wa chungu. Mji huu unaongea Kiswahili na Lingala. Sokoni watu wanauliza bei kwa lugha hizo, makanisani wanasali kwa lugha hizo, wanasiasa wanaomba kura kwa lugha hizo. Kwa nini maelezo ya kuokoa figo na ini ndiyo pekee yaje kwa lugha ambayo mama mwenye mtoto mgongoni haisomi?

Wapo pia wanaotaka njia ya mkato: polisi waje, mabeseni yakamatwe, vidonge vichomwe moto mbele ya watu. Moto unapendeza kutazama. Lakini wiki mbili baadaye mabeseni yanarudi, bei imepanda, na muuzaji sasa anaficha zaidi. Ukaguzi unahitajika, hakuna ubishi: sheria ya afya ya umma ya Desemba 2018 ipo, mamlaka ya dawa ya nchi, ACOREP, ipo, Divisheni ya Afya ya jimbo ipo. Ila ukaguzi uanzie juu, kwenye depo zinazouza makopo ya vidonge 1,000 kwa mtu yeyote mwenye pesa, bila kuuliza ana ruhusa gani. Kumkamata mama mwenye beseni na kumwacha mwenye depo ni kufagia maji wakati bomba limefunguliwa.

Nchi tajiri hazikuona aibu kubana namna ya kuuza dawa hizi. Uingereza ilipunguza mwaka 1998 idadi ya vidonge vya parasetamoli vinavyouzwa katika boksi moja, na vifo vya kuzidisha dawa hiyo vikapungua. Ufaransa iliamua kwamba kuanzia Januari 2020 parasetamoli, ibuprofeni na aspirini zirudi nyuma ya kaunta, ili mnunuzi alazimike kuongea na mtu anayejua. Wale wenye hospitali kila kona walihitaji kanuni. Wagenia, ambako hospitali si ya kufikia kwa hatua mbili, inaihitaji zaidi.

Kinachodaiwa

Madai ni machache na yanaweza kuanza mwezi huu.

Shefu wa mtaa aite wauzaji wote wa dawa, wa meza na wa beseni, wakutane na muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Kila mmoja ajulikane kwa jina. Wafundishwe kwanza mambo manne: parasetamoli, ibuprofeni, dalili za hatari za mtoto, na dawa ambazo hawana ruhusa kabisa ya kuzigusa, kama tramadoli, diklofenaki na sindano za aina zote.

Zoni ya afya itoe karatasi moja, ya Kiswahili upande huu na Lingala upande huu, yenye vipimo vya parasetamoli kwa uzito wa mtoto na mpaka wa siku kwa mtu mzima. Ibandikwe kwenye kila famasi, kila kituo, kila kanisa na msikiti. Wahudumu wa RECO, wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo, waipitishe pia, na waisome kwa sauti kwa asiyejua kusoma.

Depo zikatazwe kumwuzia makopo makubwa mtu asiye na ruhusa, na adhabu iwaangukie wao kwanza.

Na wanunuzi wenyewe washike desturi moja, ya kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa pesa: Inaitwaje? Ni ya ngapi? Nimeze baada ya muda gani? Muuzaji akishindwa moja tu, pesa irudi mfukoni. Maumivu ya kawaida yakipita siku 5, homa ikipita siku 3, au kichwa kikiwa kinauma karibu kila siku, huo si wakati wa kutafuta kidonge kingine bali muganga. Maana mwenye kumeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe.

Watakaopoteza kwa kanuni hii ni wachache: wanaonunua kwa kopo na kuuza kwa fundo, wakitegemea mnunuzi asiulize. Watakaofaidika ni mvuvi, mwendesha toleka, mama wa ndizi na mtoto anayechemka usiku. Samaki wa Wagenia hununuliwa kwa jina lake, ukubwa wake na siku aliyovuliwa, na mama yeyote atamgeuza mara mbili na kufungua mashavu yake kabla ya kulipa. Kidonge kinachoingia katika damu ya mwanawe kinastahili kukaguliwa angalau kama samaki.